Je, Vijana Waliokwenda Kuwinda Nyangumi Walirudi na Mali?

Swali: Katika kusoma historia ya biashara ya karne ya 19 nimekutana na habari za vijana wa Marekani, wengine wenye umri wa miaka 14 au 15, waliokuwa wakiingia katika merikebu za kuwinda nyangumi na kukaa baharini miaka mitatu au minne. Nilichosoma kinawaonyesha kama mashujaa waliotoka kwenda kuiona dunia na kurudi na mali. Je, ndivyo ilivyokuwa? Na ni kweli kwamba merikebu hizo zilifika mpaka Unguja?

Jibu: Ndugu msomaji, swali lako la pili ni jepesi, kwa kuwa merikebu hizo zilifika Unguja na habari zake nitazieleza mwishoni. La kwanza ndilo lenye kazi. Ni kweli kwamba walikuwa wadogo, na ni kweli kwamba waliiona dunia kuliko karibu watu wote wa rika lao. Lakini si kweli, kwa walio wengi, kwamba walirudi na mali. Ninavyoielewa mimi historia hii, hamu ya safari haikuwa pambo tu la biashara ya nyangumi, bali ilikuwa sehemu ya malipo. Wenye merikebu waliweza kupata watu kwa ujira ambao mtu mzima aliyekwisha kuijua kazi ile asingeukubali, kwa sababu kijana alikuwa tayari kuihesabu bahari yenyewe kuwa ni nusu ya mshahara wake.

Kwanza tuitazame biashara yenyewe. Kabla ya mafuta ya taa kupatikana kwa wingi, nyumba, mitaa na minara ya bahari ya Ulaya na Marekani iliangazwa kwa kiasi kikubwa na mafuta ya nyangumi, na viwanda vya nguo vililainisha mitambo yao kwa mafuta hayo hayo. Aliyetafutwa zaidi alikuwa yule nyangumi mkubwa mwenye meno ambaye matumboni mwake hupatikana ambari, ile dutu ya kutengenezea manukato, na ambaye kichwa chake kimejaa mafuta meupe yaliyotengenezewa mishumaa bora ya zama zile. Nyangumi wasio na meno walitoa mafuta ya bei ndogo zaidi, pamoja na zile mbavu laini za kinywani ambazo washonaji walizitia katika mavazi ya kubana viuno vya wanawake na mafundi wakazifanya vijiti vya miavuli. Kitovu cha kazi hiyo kilikuwa kwanza kisiwa cha Nantucket, kisha mji wa New Bedford, vyote katika jimbo la Massachusetts. Nantucket ilizidiwa kwa sababu fungu la mchanga lililoziba mdomo wa bandari yake lilizuia merikebu kubwa. Katikati ya miaka ya 1840 Wamarekani walikuwa na merikebu za nyangumi zaidi ya 700, na mwaka 1857 New Bedford peke yake ilikuwa na 329, zikiajiri watu wapatao 10,000.

Watu hao walitoka wapi? Hapo ndipo pa kutofautisha makundi mawili ambayo masimulizi ya ushujaa huyachanganya. Kijana wa Nantucket alizaliwa ndani ya kazi hiyo: baba yake, wajomba zake na majirani zake wote walikuwa mabaharia, na kisiwa chenyewe, chenye ardhi ya mchanga, hakikuwa na kazi nyingine ya maana ya kumpa. Thomas Nickerson aliingia katika merikebu ya Essex mwaka 1819 akiwa na miaka 14, na hilo halikumshangaza mtu kisiwani. Kundi la pili, ambalo lilizidi kuwa kubwa kadiri merikebu zilivyoongezeka, lilikuwa la vijana wa mashambani na wa miji ya bara, ambao wengi wao walikuwa hawajawahi kuiona bahari. Hao walikusanywa na madalali waliokuwa na ofisi mpaka New York, Boston na miji ya ndani, wakibandika matangazo ya kuitisha vijana wenye nguvu na kuwasimulia habari za visiwa vya Pasifiki. Dalali alilipwa kwa kila kichwa alichofikisha bandarini, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kumweleza kijana habari za funza katika mkate mkavu.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa kuwa jibu la swali lako limo humo. Katika merikebu ya nyangumi hapakuwa na mshahara wa mwezi. Kila mtu, kuanzia nahodha mpaka mpishi, aliandikiwa fungu, yaani sehemu fulani ya thamani ya shehena yote itakayorudishwa nyumbani. Msomaji wa pwani hatauona utaratibu huu kuwa mgeni, kwa maana wavuvi wetu nao hugawana kwa mafungu: fungu la chombo, la nyavu, la nahodha na la mabaharia. Tofauti ni kwamba mvuvi huona mgawo ukifanyika ufukweni siku ile ile, samaki wakiwa mbele ya macho yake, wakati baharia wa New Bedford aligawiwa baada ya miaka mitatu au minne, na aliyefanya mgawo alikuwa karani wa mwenye merikebu aliyekuwa na daftari mezani pake. Nahodha mzuri aliweza kuandikiwa sehemu moja kati ya 15 hivi, au hata zaidi ya hapo. Baharia mpya aliandikiwa moja kati ya 150, 175, au 200. Herman Melville, ambaye baadaye alikuja kuwa mwandishi mashuhuri, aliondoka mwezi Januari 1841 katika merikebu ya Acushnet akiwa na miaka 21, na fungu lake lilikuwa moja kati ya 175.

Tuchukue mfano ili jambo lionekane. Tuseme merikebu imerudi na mapipa 1,500 ya mafuta ya nyangumi mwenye meno, ambayo ni safari ya wastani mzuri. Pipa moja lilihesabiwa kuwa galoni 31 na nusu, kwa hiyo shehena ni galoni 47,250, na tuseme kila galoni imeuzwa kwa dola moja. Mwenye fungu la moja kati ya 175 anastahili dola 270. Lakini hiyo ndiyo hesabu ya kabla ya makato, na makato yalianza hata kabla ya nanga kung'olewa. Malazi na chakula alichopewa kijana na dalali alipokuwa akingoja safari yaliandikwa kuwa deni, pamoja na shati, godoro, kisu na sanduku alilouziwa kwa bei ya juu, na deni hilo likatozwa riba. Baharini nguo zilichakaa upesi, na aliyehitaji suruali nyingine au tumbaku alikwenda kununua katika ghala dogo la merikebu, kwa mkopo, kwa bei aliyoipanga nahodha. Pesa alizopewa kwa matumizi ya bandarini nazo ziliandikwa. Hata tusipotoa chochote kati ya hivyo, dola 270 kwa safari ya miaka minne hazifiki dola sita kwa mwezi, ilhali kibarua wa kawaida wa nchi kavu katika miaka hiyo aliweza kupata karibu dola moja kwa siku alipokuwa na kazi. Wapo waliorudi baada ya miaka hiyo yote wakaambiwa na karani kwamba ni wao wanaodaiwa, na njia nyepesi ya kulimaliza deni hilo ilikuwa kutia saini ya safari nyingine.

Haifuati kutoka hapo kwamba kila mwenye merikebu alikuwa mwizi. Safari nyingi zilirudi na hasara, chombo kikiwa nusu tupu au kisirudi kabisa, na mwenye mali naye alibeba hatari yake. Ila alikuwa na uwezo wa kugawa hatari hiyo kwa kununua sehemu ndogo ndogo katika merikebu kadhaa, ili moja ikizama nyingine zimfidie. Kijana alikuwa na mwili mmoja na aliuweka wote ndani ya merikebu moja.

Na kazi yenyewe? Wiki za kwanza zilikuwa za kutapika, kupanda milingoti na kujifunza jina la kila kamba, kwa kuwa amri ilitolewa usiku na mchana na aliyekosea kamba alipigwa. Kisha ulianza ulinzi wa juu: mtu alisimama karibu na kilele cha mlingoti kwa saa mbili, miguu ikikanyaga papi nyembamba, akiangalia moshi wa maji unaotoka katika pua ya nyangumi. Alipouona alipiga ukelele, na mashua zikateremshwa.

Hapa inafaa tukae kidogo, kwa maana ni katika mashua ile ndipo sifa za ujasiri zilipopatikana kihalali. Ilikuwa na urefu wa mita nane na nusu hivi, imechongoka omo na tezi, yaani mbele na nyuma, nyepesi kiasi cha kuinuliwa na watu wake, nao walikuwa sita: ofisa aliyeshika kasia la kuongozea nyuma, mrusha chusa, yaani mkuki uliofungwa kamba, aliyekuwa akivuta kasia la mbele kabisa, na wapiga makasia wanne katikati. Wapiga makasia walimpa nyangumi mgongo, na walikatazwa kugeuka. Kijana wa miaka 17 alivuta kwa nguvu zake zote kuelekea kwenye kitu kikubwa kuliko nyumba ya kwao, akikisikia kikipumua nyuma yake, na alichoruhusiwa kukitazama ni uso wa ofisa tu. Mashua ilipokaribia kugusana na ngozi ya mnyama, mrusha chusa alisimama akakitupa. Chusa hakikuua, bali kilimfunga nyangumi kwenye mashua. Baada ya hapo mrusha chusa na ofisa walibadilishana nafasi, wakipitana juu ya makasia katika chombo kinachoyumba, kwa sababu desturi ilitaka ofisa ndiye amalize kazi kwa mkuki mrefu. Sijaona maelezo ya kuridhisha kuhusu faida ya desturi hiyo, na hata baadhi ya watu wa zama zile waliiona kuwa ni upuuzi wa hatari.

Kamba ndiyo iliyoogopwa kuliko meno. Ilikuwa imekunjwa kwa uangalifu mkubwa ndani ya beseni la mbao, mamia ya mita, ikapitishwa nyuma na kuzungushwa kwenye kigingi kifupi, halafu ikarudi mbele katikati ya watu wote na kutokea kwenye ufa wa omo. Nyangumi alipozama au kukimbia, kamba ilikwenda kwa kasi iliyokifanya kigingi kitoe moshi, na mtu mmoja aliamriwa kukimwagia maji. Mkunjo mmoja uliokaa vibaya uliweza kunasa mkono au mguu wa mpiga kasia na kumtoa ndani ya mashua kabla mwenzake hajafungua kinywa. Shoka dogo liliwekwa tayari kwa ajili ya kukata kamba, ingawa kukata kulikuwa na maana ya kupoteza nyangumi, na kwa hiyo kupoteza mafungu ya watu wote.

Nyangumi aliyekufa aliburutwa kwa makasia mpaka kwenye merikebu, pengine kwa saa nyingi, na hapo ndipo kazi isiyosimuliwa ilipoanza. Mafuta ya ngozi yalibanduliwa katika vipande virefu kwa kapi na minyororo, yakakatwa vipande vidogo, kisha yakatiwa katika masufuria makubwa ya chuma yaliyojengewa tanuri la matofali juu ya sitaha. Baada ya moto kuwashwa kwa kuni, ulichochewa kwa makapi ya mafuta yale yale yaliyokwisha kukamuliwa, hivyo nyangumi alipikwa kwa mwili wake mwenyewe. Watu walipokezana zamu za saa sita, usiku na mchana, sitaha ikiteleza kwa mafuta na damu, na moshi wake mweusi ulinata katika nywele, nguo na chakula. Merikebu hizi zilinuka kiasi kwamba mabaharia wa vyombo vingine walidai kuzitambua kwa harufu kabla ya kuziona.

Kati ya nyangumi mmoja na mwingine zilipita wiki, na mara nyingine miezi, bila lolote. Nyama ya chumvi, mkate mkavu unaopaswa kugongwa ili wadudu watoke, kahawa hafifu iliyotiwa utomvu wa miwa, na chumba cha mbele chenye giza ambamo watu ishirini walilala juu ya vitanda vya mbao vilivyopangwa kama rafu. Mabaharia walichonga michoro juu ya meno ya nyangumi, na merikebu mbili zilipokutana katikati ya bahari zilisimama ili watu watembeleane na kubadilishana barua na habari. Michoro hiyo leo inauzwa ghali kama sanaa, na wanaoitazama hufikiri juu ya utulivu wa bahari. Mimi huona zaidi wingi wa saa zisizo na kazi.

Kwa hiyo haishangazi kwamba wengi walitoroka. Melville mwenyewe aliiacha Acushnet mwezi Julai 1842 katika kisiwa cha Nuku Hiva huko Pasifiki, baada ya mwaka mmoja na nusu, pamoja na rafiki yake mmoja. Ilikuwa kawaida kabisa kwa merikebu kurudi New Bedford ikiwa na sehemu ndogo tu ya watu walioondoka nayo, wengine wakiwa wameandikwa Azores, Cape Verde, Hawaii au bandari za Amerika Kusini kujaza nafasi. Aliyetoroka alipoteza fungu lake lote, jambo ambalo halikumsikitisha sana mwenye merikebu kama lilitokea mwishoni mwa safari. Kupigwa mijeledi kulikuwa adhabu halali katika merikebu za Marekani mpaka Bunge la nchi hiyo lilipoipiga marufuku mwaka 1850, na hata baada ya hapo nahodha aliyekuwa katikati ya Pasifiki alikuwa mbali sana na hakimu.

Nirudi kwa Nickerson, kwa sababu kisa chake hutajwa kila mara panapozungumzwa ujasiri wa vijana hawa, na mara nyingi hutajwa nusu nusu. Tarehe 20 Novemba 1820, akiwa na miaka 15, ndiye aliyekuwa ameshika usukani wa Essex katikati ya Pasifiki wakati nyangumi dume mkubwa alipoigonga merikebu mara mbili na kuizamisha. Watu 20 waliingia katika mashua tatu. Visiwa vilivyokuwa karibu upande wa magharibi viliwatisha, kwa kuwa waliamini wenyeji wake ni wala watu, wakaamua kuelekea Amerika Kusini, maelfu ya kilomita dhidi ya upepo. Watatu walibaki katika kisiwa kitupu cha Henderson na wakaokolewa baadaye. Waliosalia mashuani waliishia kula maiti za wenzao, na katika mashua ya nahodha George Pollard wakapiga kura ya nani auawe ili wengine waishi. Ilimwangukia Owen Coffin, kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 20, naye alikuwa jamaa wa nahodha mwenyewe. Aliyepangiwa na kura kumpiga risasi alikuwa Charles Ramsdell, wa rika lake na wa kisiwa kimoja naye. Kati ya wote 20 walipona wanane, na miongoni mwa mabaharia weusi waliokuwa mashuani hakupona hata mmoja. Ni vigumu kutojiuliza kama posho na nguvu za mwili ziligawanyika sawa tangu mwanzo.

Kinachonivutia zaidi ni kilichofuata. Nickerson alirudi baharini, tena chini ya nahodha yule yule Pollard, katika merikebu ya Two Brothers, nayo ikapasuka juu ya miamba mwaka 1823. Waliokolewa wote. Masimulizi ya ushujaa yangesema kwamba bahari ilikuwa katika damu yake. Mimi nasema kwamba Nantucket haikuwa na kazi nyingine, na aliyetoka katika Essex bila kitu alihitaji kuandikiwa fungu jipya upesi.

Hata hivyo sitaki kukuacha na picha ya dhuluma tupu, kwa maana wapo ambao kwao merikebu ya nyangumi ilikuwa bora kuliko walichokikimbia. Kwa Wamarekani weusi wa zama za utumwa, kazi hii ilikuwa miongoni mwa chache ambazo mtu mweusi alihesabiwa fungu kwa cheo chake, na wapo waliofikia kurusha chusa na hata uofisa. John Thompson, aliyetoroka utumwani Maryland, aliona kwamba hayuko salama hata kaskazini, akajiandikisha New Bedford kama mhudumu wa chakula bila kuijua kazi hiyo. Nahodha alipomkasirikia kwa kutoweza kupika, Thompson alimweleza ukweli wote, na nahodha akamhurumia na kumfundisha. Katika mji huo huo mhunzi mweusi Lewis Temple alibuni mwaka 1848 chusa ambacho ncha yake iligeuka na kukingama ndani ya mwili wa nyangumi, ili kisichomoke. Kilienea katika merikebu karibu zote, lakini Temple hakuwahi kukisajili, na alikufa mwaka 1854 bila kufaidi utajiri uliotokana nacho.

Yupo pia Manjiro, mvuvi wa Kijapani wa miaka 14, ambaye mwaka 1841 mashua yao ilisukumwa na dhoruba mpaka kwenye kisiwa kisicho na watu, yeye na wenzake wanne. Waliokolewa na merikebu ya nyangumi ya John Howland, na nahodha William Whitfield akamchukua mpaka nyumbani kwake Fairhaven, Massachusetts, na kumsomesha. Alijifunza Kiingereza na elimu ya kuongoza vyombo, akafanya safari ya nyangumi yeye mwenyewe, akachimba dhahabu California, kisha akarudi Japani mwaka 1851, ingawa sheria ya nchi yake ilimhesabu aliyetoka nje kuwa mhalifu. Alihojiwa kwa miezi mingi, na serikali ile ile ikamfanya mkalimani wake. Huyu kweli alirudi na mali, ila mali yake ilikuwa elimu, naye aliipata kwa nahodha mmoja mwema na si kwa utaratibu wa mafungu.

Waliotajirika kwa fungu walikuwa wale waliovumilia safari ya kwanza, wakarudia ya pili wakiwa warusha chusa, ya tatu wakiwa maofisa, na hatimaye wakawa manahodha kabla ya kufikisha miaka 30. Wengi wao walikuwa watu wa familia za bandarini zilizojuana na wenye merikebu. Kijana wa shambani kwa kawaida alikwenda mara moja tu. Kadiri ajira nyingine zilivyoongezeka Marekani, viwandani, kwenye reli, na tangu 1849 katika dhahabu ya California, ndivyo ilivyokuwa vigumu kumshawishi, na merikebu zikazidi kutegemea watu wa Azores, Cape Verde na visiwa vya Pasifiki. Kisima cha mafuta kilichochimbwa Titusville, Pennsylvania, mwaka 1859 kilianza kuiua bei ya mafuta ya nyangumi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani viliteketeza merikebu nyingi, na mwaka 1871 barafu ya Aktiki ikanasa 33 kwa mkupuo kaskazini mwa Alaska, ingawa watu wake wote, 1,219, walitoka salama.

Sasa Unguja. Nyangumi wenye meno waliwindwa kuanzia Mlango wa Msumbiji na Komoro mpaka Shelisheli, na merikebu zilizokuwa katika maji hayo zilihitaji mahali pa kuchukua maji, kuni na chakula kibichi. Bandari ya Unguja iliwafaa, hasa baada ya Seyyid Said kutia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na baada ya Richard Waters kufika mwaka 1837 akiwa konsuli wa kwanza wa nchi hiyo. Biashara kubwa ya Wamarekani hapa haikuwa ya nyangumi, bali ya pembe za ndovu, sandarusi na nguo ambazo mpaka leo tunaziita merikani. Wafanyabiashara hao, wengi wao wa mji wa Salem huko Massachusetts, waliwatazama mabaharia wa nyangumi kama ndugu wenye nguo chafu. Na bidhaa ya nyangumi ilikuwa inajulikana pwani hii zamani sana kabla yao, kwa kuwa mwandishi Mwarabu al-Masudi anaitaja ambari ya nchi ya Zanji, yaani pwani hii ya Afrika Mashariki, tangu karne ya 10.

Mmoja wa vijana waliofika kwa njia hiyo alikuwa John Ross Browne, mzaliwa wa Ireland aliyekulia Kentucky, ambaye mwaka 1842, akiwa na miaka 21 hivi na hamu kubwa ya kuiona dunia, alijiandikisha katika merikebu ya nyangumi huko Massachusetts. Alifika Unguja akiwa amemchoka nahodha, chakula na kazi, akaiacha merikebu hapa na kukaa kisiwani kwa muda kabla ya kupata chombo cha kumrudisha kwao. Mwaka 1846 alichapisha habari za safari yake, na pamoja na kuisimulia Unguja aliyoiona, alidai kwamba sheria za Marekani zimlinde baharia wa nyangumi kama zinavyopaswa kumlinda raia mwingine. Malalamiko yake yalikuwa na msingi. Tangu 1803 sheria ilimtaka nahodha anayemwachisha baharia ugenini amkabidhi konsuli mshahara wa ziada wa miezi mitatu, ambao theluthi mbili zake zilikuwa za mtu huyo, lakini sheria hiyo iliandikwa kwa kuwafikiria wanaolipwa kwa mwezi. Baharia aliyeachwa Unguja akiwa na sehemu moja kati ya 175 ya mafuta ambayo hayajauzwa, na mengine hayajavuliwa, hakuwa na mshahara wa mwezi ambao konsuli angeweza kuuzidisha kwa tatu.